Kiumbe Mgeni Tangini na Hatari ya Jina la Haraka

Anayefuga samaki wa maji ya chumvi nyumbani hufuga pia viumbe ambao hakuwanunua wala hakuwaagiza. Jiwe lililotolewa baharini, kipande cha tumbawe, gamba la konokono au shada la mwani huingia tangini pamoja na wakazi wake, na baadhi ya wakazi hao hujificha kwa wiki au miezi kabla ya kuonekana, mara nyingi usiku na mara nyingi kwa sehemu ndogo tu ya mwili. Anapochomoza kiumbe wa namna hiyo, mwenye tangi hutaka jina, tena hulitaka siku hiyohiyo, kwa sababu anaamini kwamba jina ndilo litakalomwambia kama mgeni huyo aachwe au auawe. Hoja ya makala haya ni kwamba katika jambo hili jina la haraka lina madhara makubwa kuliko kukosa jina, kwa kuwa asiyejua huendelea kutazama, ilhali aliyekwisha kujiridhisha huacha kutazama, na kosa lake huweza kudumu muda mrefu bila mtu kulishuku.

Ili hoja hiyo ieleweke, ni vyema kueleza kwanza namna wageni hao wanavyofika. Matangi mengi ya maji ya chumvi hutegemea kile kinachoitwa mwamba hai, yaani vipande vya mifupa ya matumbawe yaliyokufa zamani, vyenye matundu mengi, ambavyo vimekaa baharini hadi vikajaa bakteria, mwani mwekundu wenye chokaa, sifongo na wanyama wadogo wa kila aina. Jiwe lenyewe halina uhai. Kilicho hai ni jamii iliyolikalia, na bakteria wa jamii hiyo ndio wanaogeuza amonia inayotokana na taka za samaki na mabaki ya chakula kuwa naitriti, kisha naitreti, ambayo haina sumu kali kama hizo mbili za mwanzo. Miongoni mwa waliotangaza mapema matumizi ya mawe hayo ni Lee Chin Eng wa Jakarta, Indonesia, ambaye mwaka 1961 alieleza katika maandishi yake jinsi alivyotunza matangi kwa mawe hai na viputo vya hewa, bila mitambo ya kuchuja maji. Njia hiyo ilienea sehemu nyingi za dunia, na tangu hapo anayenunua uhai wa bahari kwa kilo hununua pia vile ambavyo muuzaji mwenyewe havijui.

Ushahidi mzito kuliko wote kuhusu madhara ya jina la haraka unatoka katika historia ya sayansi yenyewe. Mwaka 1883 mwanazuolojia wa Kijerumani Franz Eilhard Schulze, aliyekuwa akifundisha Graz nchini Austria, alieleza habari za kiumbe aliyemkuta kwenye tangi la maji ya bahari: mnyama bapa, wa milimita chache tu, asiye na kichwa, mdomo, utumbo, misuli wala neva, ambaye alitambaa kwa vinyweleo vidogo mno na kubadili umbo lake kila alipogeuka. Schulze alimpa jina la Trichoplax adhaerens, akamchunguza kwa makini, na akatambua kwamba hafanani na mnyama yeyote aliyekuwa akijulikana. Hata hivyo, mwaka 1907 mtaalamu mwingine, Thilo Krumbach, alidai kwamba huyo hakuwa mnyama wa pekee bali lava, yaani hatua ya uchanga, ya haidrozoa mmoja, kundi ambalo ni jamaa wa yavuyavu. Schulze alipinga, wala hakuwa peke yake, lakini maelezo ya Krumbach yalikuwa mepesi kukumbukwa, yakaingia katika vitabu vya kiada, na kwa takriban nusu karne wataalamu wengi hawakuona sababu ya kumchunguza kiumbe ambaye walidhani wamekwisha kumjua.

Utafiti ulifufuka katika miaka ya 1960, na mwaka 1971 Karl Gottlieb Grell wa Tübingen alionyesha kwamba Trichoplax anastahili faila yake mwenyewe, aliyoiita Placozoa. Faila ni kundi kubwa la wanyama wenye mpango mmoja wa msingi wa mwili, na uzito wa tamko hilo unaeleweka pale inapokumbukwa kwamba konokono, chaza na pweza, pamoja na tofauti zao zote, wamo katika faila moja. Mwaka 2008 ilichapishwa jenomu ya mnyama huyo, yaani jumla ya maelekezo ya urithi yaliyomo katika seli zake, ikiwa na jeni zipatazo 11,500, idadi inayoshangaza kwa mwili wenye aina chache mno za seli. Krumbach hakukosea kwa kukisia, kwa sababu kukisia ni sehemu ya kazi ya mwanasayansi. Waliokosea ni wale waliopokea kisio kana kwamba ni jibu, na ambao kwa kufanya hivyo waliifungia nje ya mlango wa elimu faila nzima iliyokuwa ikitambaa mbele yao kwenye kioo.

Katika matangi ya nyumbani kosa la aina hiyo hutokea zaidi kwa minyoo ya bahari yenye pingili. Mnyoo wa rangi ya waridi au ya kijivu, mwenye vishungi vya manyoya meupe ubavuni mwa kila pingili, kwa kawaida ni wa familia ya Amphinomidae. Manyoya yake ni magumu, hukatika upesi na kubaki ndani ya ngozi ya anayemshika, na huwasha vikali. Kwa kuwa anatisha na anawasha, huhukumiwa kuwa mharibifu bila kusikilizwa. Walakini wengi wa minyoo hao, wakiwemo wa spishi ya Eurythoe complanata, hula mabaki ya chakula na mizoga, na hupenya kwenye matundu ya mawe ambako mkono wa mfugaji haufiki, hivyo huondoa uozo ambao ungeongeza amonia majini. Wakikutwa wamejazana juu ya tumbawe linalokufa hudhaniwa kuwa ndio waliolishambulia, ingawa mara nyingi wamefuata nyama iliyokwisha kuoza. Ni kweli kwamba jamaa yao mmoja, Hermodice carunculata wa Atlantiki na Mediterania, hula matumbawe yaliyo hai, lakini sifa mbaya ya huyo mmoja haiwezi kubebeshwa kila mnyoo mwenye manyoya meupe, hasa kama jiwe alilokuja nalo lilitoka katika bahari nyingine kabisa.

Hofu ya wafugaji huwa kubwa zaidi inapotajwa Eunice aphroditois, mnyoo aliyeelezwa kisayansi na Peter Simon Pallas mwaka 1788 kutokana na kielelezo cha Sri Lanka. Huyu hujichimbia mchangani au hujificha kwenye matundu ya miamba, huacha nje papasi zake tano na taya zilizofunguka, na humnasa samaki anayepita juu yake kwa kasi ambayo jicho hushindwa kuifuata. Mwaka 2009 wataalamu wa Japani walieleza habari za mmoja aliyekutwa ndani ya boya la chelezo katika bandari ya uvuvi ya Seto, Shirahama, ambaye alikuwa na urefu wa sentimita 299, uzito wa gramu 433 na pingili 673. Mwaka huohuo, huko Newquay, Cornwall, nchini Uingereza, wahudumu wa kituo kimoja cha maonyesho ya viumbe wa bahari walishindwa kueleza ni nani aliyekuwa akijeruhi samaki na kukata matumbawe. Mitego yao haikufua dafu, na ilibidi waondoe mawe moja baada ya jingine ndipo alipopatikana mnyoo mwenye urefu wa zaidi ya mita moja, aliyekuwa ameishi humo bila kujulikana.

Visa hivyo vinavutia, na kwa sababu hiyohiyo vinapotosha, kwani humfanya mfugaji amwone Eunice aphroditois katika kila mnyoo mrefu. Njia ya kutofautisha haihitaji maabara. Mnyoo wa familia ya Eunicidae, anapotazamwa kwa kioo cha kukuzia, huonyesha mwili unaometameta rangi nyingi mwanga unapompiga, papasi ambazo kwa wengi wao ni tano juu ya kichwa, na taya ngumu zilizokunjwa ndani ya koo. Yule wa Amphinomidae hana taya, na juu ya kichwa chake huwa na ukingo wa nyama unaoelekea nyuma. Hata hapo, kuthibitisha familia si kuthibitisha spishi, kwa maana Eunicidae ina spishi nyingi, na baadhi yao ni wadogo, hula mwani na mabaki, na humaliza maisha yao yote tangini bila kumgusa samaki. Anayeruka kutoka kwenye papasi tano hadi kwenye jimnyoo la mita tatu amepita hatua kadhaa ambazo ushahidi wake haujamruhusu kuzipita.

Kosa la pili la kawaida hutokana na sikio badala ya jicho. Tangi linapoanza kutoa mlio wa kugonga au kukatika kwa kitu, ambao husikika hata chumba cha pili, mwenye nyumba huambiwa mara moja kwamba ana stomatopodi, yaani mnyama wa oda ya Stomatopoda, ambaye anafanana na kamba lakini si kamba wa kweli, na ambaye humpiga au humchoma windo kwa miguu ya mbele inayojikunja kama ya vunjajungu. Onyo hilo lina msingi: mwaka 2004 Sheila Patek na wenzake walionyesha kwamba pigo la spishi moja ya kundi hilo, Odontodactylus scyllarus, hufikia mwendo wa takriban mita 23 kwa sekunde, na mnyama wa namna hiyo akiingia tangini humaliza konokono na kaa mmoja baada ya mwingine. Lakini mlio kama huo hutolewa pia na kamba wa familia ya Alpheidae, ambao gando lao moja ni kubwa kupita kiasi, na ambao hulifunga kwa kasi inayotengeneza kiputo majini. Utafiti uliochapishwa mwaka 2000 ulionyesha kwamba sauti inayosikika ni ya kuporomoka kwa kiputo hicho. Baadhi ya kamba hao huishi shimo moja na samaki wadogo wa familia ya Gobiidae, kamba akichimba na kusafisha shimo huku samaki, mwenye macho makali zaidi, akiwa mlinzi wa mlango. Mlio pekee, basi, hauwezi kumtia hatiani yeyote kati ya hao wawili. Kinachoweza kuamua ni vipande vya magamba vilivyovunjwa mbele ya tundu, gando moja lililozidi jingine, au macho juu ya vikonyo yanayozunguka kila moja upande wake, ambayo ni dalili ya stomatopodi.

Mfano wa tatu unaonyesha hasara ya kumwondoa aliye na faida. Kaa wadogo wa jenasi ya Trapezia, wanaopatikana katika Bahari ya Hindi na Pasifiki, huishi katikati ya matawi ya matumbawe, hasa ya jenasi ya Pocillopora, na hula ute wa tumbawe lenyewe. Mfugaji anayejua kwamba kaa wengine hula nyama ya matumbawe humwona huyu amekaa ndani ya tumbawe na hutoa hukumu palepale. Ukweli ni kwamba kaa hao humfinya na kumfukuza kiti cha pweza mwenye miiba, Acanthaster, anayekula matumbawe, na hufagia matope yanayotua juu ya mwenyeji wao. Utafiti uliofanywa Moorea katika Polinesia ya Ufaransa, uliochapishwa mwaka 2006, ulionyesha kwamba matumbawe yaliyoondolewa kaa wao mahali penye matope mengi yalikufa kwa wingi katika muda usiofika mwezi mmoja. Umbo la kaa lilikuwa wazi kwa kila mtu. Kazi yake ndiyo iliyohitaji kutazamwa kwa subira.

Ipo hoja ya upande wa pili, nayo haifai kupuuzwa. Tangi la matumbawe ni mali ya gharama, wakazi wake hawana pa kukimbilia, na mgeni mmoja mharibifu anaweza kuteketeza kazi ya miaka. Kwa hiyo, wanasema wenye hoja hiyo, heri kuua kumi wasio na hatia kuliko kumwacha mmoja mwenye hatia. Udhaifu wa hoja hii ni kwamba inadhani pana njia mbili tu, ya kuua na ya kuacha, ilhali ya tatu ipo na ni rahisi. Kiumbe anaweza kutengwa katika chombo angavu chenye maji ya tangi lenyewe, kipande cha jiwe na mzunguko wa maji, akapewa vyakula mbalimbali kimoja kimoja, na akatazamwa kwa siku kadhaa. Anayetengwa hawezi kudhuru, na wakati huohuo hazuiwi kujieleza kwa matendo yake.

Zaidi ya hayo, kuua kuna hatari zake, na baadhi ni kubwa kuliko za kiumbe chenyewe. Polipu za jenasi ya Palythoa, jamaa wa anemoni ambazo huota kama zulia la vitufe vya kahawia juu ya mawe, huweza kuwa na palitoksini, mojawapo ya sumu kali kabisa zinazotokana na viumbe hai, iliyotenganishwa mwaka 1971 na Richard Moore na Paul Scheuer huko Hawaii. Si kila polipu ya aina hiyo ina sumu ya kiwango hicho, na jicho haliwezi kutofautisha iliyo nayo na isiyo nayo. Mfugaji anayeziona kuwa magugu, akaamua kulichemsha jiwe au kulisugua hewani bila glavu wala kinga ya macho, huweza kuvuta sumu hiyo pamoja na mvuke au matone. Mwaka 2018, huko Steventon katika jimbo la Oxfordshire, Uingereza, watu wa familia moja pamoja na maaskari waliofika kuwasaidia walipelekwa hospitali baada ya tangi la nyumbani kusafishwa. Hapa panaonekana jambo ambalo wenye kupenda majina ya haraka hulisahau: tahadhari haihitaji jina. Glavu, miwani na kibanio cha plastiki ni wajibu kwa kila kiumbe asiyejulikana, awe mnyoo, polipu, au konokono wa jenasi ya Conus, mwenye gamba lenye umbo la pia, ambaye mchomo wa baadhi ya spishi zake umewahi kuua watu.

Utambuzi wa kweli hufuata mpangilio. Kwanza huulizwa asili ya jiwe au tumbawe, kwa kuwa viumbe vya Florida si vya Indonesia. Pili hutazamwa mpango wa mwili kabla ya rangi: je, kuna pingili, gamba, miguu yenye viungo, au miale mitano? Rangi hubadilika kwa umri, chakula na mwanga, lakini mpango wa mwili haubadiliki. Tatu hufuatwa mwenendo wake usiku, kwa tochi yenye mwanga mwekundu, kwa sababu wengi wa wanyama hawa hawauoni vizuri mwanga huo na huendelea na shughuli zao. Nne hupigwa picha kadhaa zikiwa na rula pembeni, na huandikwa tarehe, mahali na kile kilicholiwa. Mwishoni jina hutolewa kwa ngazi ambayo ushahidi umeifikia, iwe ni faila, oda, familia au spishi, na halipelekwi mbele zaidi ya hapo.

Kusimamia ngazi ya juu si uvivu. Mkataba wa kimataifa wa CITES, unaodhibiti biashara ya viumbe walio hatarini na unaoyahusu matumbawe magumu yote ya oda ya Scleractinia, unakubali kwamba mwamba hai utajwe kwa jina la oda hiyo tu katika vibali, kwa sababu vipande hivyo haviwezi kutambuliwa kwa spishi. Ikiwa serikali zenye wataalamu na sheria zimekubali kuishia kwenye oda pale ushahidi unapoishia, mfugaji wa nyumbani hana sababu ya kuona haya kufanya vivyo hivyo. Kwa upande mwingine, wasiojulikana wa leo wanaweza kuwa wapya kwa sayansi. Mnyoo bapa anayekula matumbawe ya Acropora, aliyekuwa akiwasumbua wafugaji kwa miaka, alipewa jina la kisayansi mwaka 2011 kutokana na vielelezo vya matangini, na baadaye ndipo alipopatikana baharini, kwenye Tumbawe Kuu la Australia. Konokono uchi anayekula Montipora, Phestilla subodiosa, alielezwa mwaka 2020 kwa njia hiyohiyo. Kila mfugaji aliyewaua bila kuandika lolote alipoteza sehemu ya elimu hiyo.

Asiyejulikana hapaswi kamwe kutupwa baharini, hata kwa nia ya huruma. Mwani Caulerpa taxifolia ulionekana mwaka 1984 katika maji ya Monaco, chini ya jumba la makumbusho ya bahari, ukaenea katika eneo kubwa la Mediterania. Ulipojitokeza pia California mwaka 2000, kuutokomeza kulichukua miaka sita. Jambo hili lina uzito wake katika pwani ya Afrika Mashariki, ambako Kenya imekuwa ikiuza nje samaki wa mapambo kwa miongo mingi, na ambako tangi la hoteli au ofisi huweza kuwa mita chache tu kutoka ufukweni. Pwani hiyo ina nyenzo ambazo wafugaji wa kwingineko hawanazo: kitabu cha mwongozo wa viumbe wa pwani kilichohaririwa na Matthew Richmond, ambacho toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1997, pamoja na taasisi za utafiti wa bahari za Zanzibar na Mombasa. Wauzaji nao wanapaswa kutakiwa kuandika kwenye stakabadhi mahali jiwe au tumbawe lilipotoka, kwa kuwa habari hiyo moja huondoa nusu ya makisio, na kuiandika hakugharimu kitu. Likifanyika hilo, mwenye tangi anayeandika kwamba amepata mnyoo wa familia ya Amphinomidae, spishi haijathibitishwa, anakula mabaki, hajaonekana akigusa tumbawe hai, atakuwa ametoa jibu kamili, linalotosha kuamua la kufanya kesho, na linaloweza kusahihishwa keshokutwa bila kiumbe chochote kupoteza uhai kwa kosa la jina.